Somo la Leo: Udongo Ulio Chini ya Nyumba

Wekeni kalamu chini kwanza, msikilize.

Juzi nilikuwa Kigwa, katika njia ya zamani ya misafara iendayo Tabora. Wazee walinionyesha mahali walipochagua kujenga darasa: bondeni, karibu na kisima. Mzee mmoja akaniambia, "Bwana Elimu, hapa maji yako karibu, na mchanga ni mwepesi kuchimba." Nikamjibu, "Mzee wangu, hayo mawili ndiyo yanayonitia hofu."

Kwa nini? Fanyeni jaribio hili. Jazeni mchanga katika kopo bila kuushindilia. Tieni maji mpaka yafike juu. Wekeni jiwe zito, kisha gongagongeni kopo ubavuni. Jiwe litazama. Mchanga mlegevu una nafasi kati ya punje na punje, na nafasi hizo zimejaa maji. Ukitikiswa, punje hutaka kusongamana, lakini maji hayapati muda wa kutoka. Hapo uzito huchukuliwa na maji, na ardhi huwa kama uji.

Ndivyo ilivyokuwa katika mji wa Niigata, nchi ya Japani, tarehe 16 Juni 1964. Ardhi ilipotetemeka, majumba ya ghorofa nne yaliinama, mengine yakalala ubavu. Lakini mjini humo humo, matangi ya mafuta yaliyojengwa juu ya mchanga ulioshindiliwa kwanza hayakudhurika sana.

Msiseme Japani ni mbali. Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko lilitokea upande wa Rukwa, moja la yale makubwa kabisa ya Afrika katika karne ya 20. Tarehe 10 Septemba 2016 Bukoba ilitikisika. Watu walikufa, nyumba na shule zikabomoka.

Basi tufanye nini? Kwanza, chagueni mahali pa juu, pakavu. Pili, ikiwa hapana budi kujenga bondeni, ondoeni udongo mlegevu, mweke changarawe tabaka moja moja, jembamba, mkishindilia kila tabaka kabla ya kuongeza jingine. Tatu, chimbeni mitaro ipitishe maji mbali na msingi. Ikiwa ni daraja au reli, mwiteni mhandisi. Yeye ana mashine za kutikisa mchanga mpaka usongamane, ana nguzo za kokoto za kutolea maji, na huweza kuchanganya saruji na udongo.

Na hata tetemeko lisipokuja, mvua itakuja.

Wazee wa Kigwa walishauriana. Mwisho yule mzee akasema, "Maji tutayabeba. Watoto wakae juu."

Maswali:
1. Kwa nini jiwe lilizama?
2. Katika kijiji chenu, ni jengo gani lililo juu ya udongo mlegevu? Andikeni sentensi tatu.

Kwaherini mpaka juma lijalo.