MKAGUZI NA ABISHE HODI
Hotuba kwa wanachama na wafanya biashara



Leo twataka kusema wazi jambo ambalo wenye maduka hulisema kwa kunong'ona: namna wakaguzi wa kodi wanavyoingia madukani.

Kwanza tuelewane. Sisi hatupingi kodi. Kodi ya nyumba waliyoanza kuitoza Wajerumani mwaka 1898 ilikuwa kodi ya mtawaliwa, hakuulizwa, aliamriwa. Kodi ya leo ni yetu. Katiba ya mwaka 1977, Ibara ya 138, yasema kodi yo yote haitozwi ila kwa sheria ya Bunge. Basi mwenye duka anayeficha mauzo au asiyetoa risiti anamnyima jirani yake dawa, na mtoto wa jirani dawati.

Lakini Katiba hiyo hiyo, Ibara ya 16, inampa kila mtu heshima na hifadhi ya nafsi yake, maskani yake na mawasiliano yake. Mfanya biashara hakuivua haki hiyo siku alipokata leseni. Bei aliyonunulia mali na jina la aliyemwuzia ndiyo siri ya duka lake. Zikitajwa mbele ya wateja, jirani anazichukua bure. Na simu yenye hesabu zake ndiyo yenye maneno ya mkewe na habari za ugonjwa wa mwanawe. Mkaguzi na aombe hesabu, mengine hayamhusu. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 imewafunga maofisa kutunza siri za mlipa kodi.

Dharau ina gharama. Mei 2023 wafanya biashara wa Kariakoo walifunga maduka, wakilalamikia kamatakamata na vikosi vya kodi, hata Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaenda kuwasikiliza Mnazi Mmoja. Juni 2024 maduka yakafungwa tena. Duka lililofungwa halilipi kodi.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Mkaguzi abishe hodi, aonyeshe kitambulisho na barua ya kazi. Mazungumzo ya deni yafanywe faraghani, si kwenye kaunta. Akichukua daftari, aandike hati ya alichochukua, pande zote mbili zitie sahihi.

Nasi tujidai wenyewe. Tuandike mauzo kila jioni, tutoe risiti bila kuombwa, tusimpe mkaguzi bahasha. Mwenye daftari chafu hawezi kudai heshima kwa sauti kubwa. Hununua ukimya, na kesho huuziwa tena kwa bei ya juu.

Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mkaguzi naye ni mgeni wa duka. Akiondoka, Hazina iwe imepata haki yake, na mwenye duka awe amebaki na heshima yake.