Ruzuku ya Maziwa na Wajibu Wetu



Twawapongeza nyote kwa kuitimiza miaka kumi ya Chama chetu Kikuu. Siku ya furaha hufaa pia kwa kuambizana ukweli, nasi twapenda kusema juu ya jambo lililo kinywani mwa kila mfugaji wa Nyandarua, yaani ruzuku.

Kwanza, kupokea msaada wa Serikali si aibu. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulimfungulia mkulima Mwafrika njia ya kufuga ng'ombe wa gredi. Tangu mwaka 1962, katika mpango wa makazi wa ekari milioni moja, wazee wetu walipata mashamba kwa mkopo, na wengi wakakopeshwa ng'ombe wa maziwa pia. Kisha mwaka 1966 ikaundwa huduma ya taifa ya uhimilishaji. Mtaalamu alipita njiani kwa gari, akiwa na mbegu za mafahali bora, na mkulima alilipa ada ndogo tu, kwa kuwa mzigo mkubwa ulibebwa na Serikali. Hivyo ndivyo ng'ombe wa gredi walivyoenea katika maboma ya wakulima wadogo.

Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali ilianza kujitoa katika kazi hiyo, na mwaka 1992 bei ya maziwa ikaachiwa soko. Gari la mtaalamu likaadimika, na ada ikapanda. Ng'ombe naye hana subira: joto lake halimalizi siku mbili, na likipita, mfugaji hungoja majuma matatu mengine. Basi si wachache waliorudi kwa fahali wa jirani, wasijue asili yake, na mitamba waliozaliwa wakawa duni kuliko mama zao.

Kosa letu lilikuwa nini? Halikuwa kupokea. Kosa letu lilikuwa kupokea bila ya kuweka akiba itakayoshika mahali pa msaada siku utakapokoma.

Leo, kwa Katiba ya mwaka 2010, kazi ya kilimo na mifugo imo mikononi mwa serikali za kaunti. Kaunti kadhaa zimetoa mbegu kwa bei nafuu na kuweka mitambo ya kupoza maziwa. Twashukuru. Wapo wenzetu wanaotaka fedha hizo ziongezwe katika bei ya kila lita, nasi hatuwadharau, maana mjane mwenye ng'ombe mmoja anahitaji karo ya watoto sasa hivi. Hata hivyo, nyongeza ya bei huliwa mwezi ule ule, na makadirio ya fedha hupitishwa upya kila mwaka. Mtamba mwema hubaki bomani. Mtambo wa kupoza huokoa maziwa ya jioni, ambayo zamani yalichacha kabla ya asubuhi.

Kwa hiyo twaleta shauri moja mbele yenu. Kila mwanachama na akatwe senti 50 kwa kila lita. Mwenye kuleta lita 10 kwa siku atatoa shilingi 5, yaani shilingi 150 kwa mwezi wa siku 30. Fedha hizo zinunue mbegu na kutengeneza mitambo, ruzuku iwepo au isiwepo.

Twajua mtanung'unika, na mna haki, kwa kuwa wapo kati yetu waliowahi kukatwa fedha wasione matunda yake. Ndiyo maana twasisitiza kwamba akiba hiyo iwe na hesabu yake peke yake, isomwe hadharani katika kila mkutano mkuu, na Halmashauri isiiguse pasipo kura zenu. Maofisa wasioweza kukubali sharti hilo hawafai kuaminiwa hata na senti hizo 50.

Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Serikali ni ndugu yetu, na mkono wake tutaupokea kwa shukrani. Lakini ndoo ya kukamulia na iwe yetu wenyewe.