Mistari kwenye ukuta wa zege: upi ni wa kuogopa?

Mazungumzo na wakazi na mafundi wa kambi

Leo tuzungumze juu ya mistari inayoonekana kwenye kuta za zege zilizozikwa ardhini, kama kuta za matangi ya maji na za maghala yaliyochimbwa kwenye mteremko. Ninyi mafundi mtakutana nayo tena siku mtakapojenga nyumbani, hata kwenye vyumba vya chini ya nyumba za mjini.

Kuna makosa mawili. Mtu wa kwanza anaona mstari, anapiga kelele kwamba tangi linapasuka, na watu wanakimbilia maji ya mtoni. Mnajua maji machafu yanaleta nini. Huko Goma mwaka 1994, kipindupindu na kuhara damu viliua makumi ya maelfu ya wakimbizi. Mtu wa pili anaona ufa wa kweli, anaupaka lipu, na kila mtu anaridhika mpaka siku ukuta unapoanguka. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, lakini kabla ya kuziba, jua kwanza kama ni ufa, na umeletwa na nini.

Mistari iko ya aina tano.

1. Mstari wa mbao. Umenyooka, umeinuka kidogo kama uzi, na unajirudia kwa nafasi sawa na upana wa mbao zilizoshikilia zege. Pitisha ukucha: hauzami. Huu ni alama tu. Usiogope.

2. Mstari wa kazi iliyokatizwa. Unalala, una mawimbi kidogo, na mara nyingi rangi ya juu yake si sawa na ya chini. Saruji iliisha, au mvua ilinyesha, na zege la kwanza likaanza kuwa gumu kabla ya la pili kumwagwa. Kwenye jua kali, saa chache zinatosha. Matabaka hayo mawili hayakushikana vizuri. Kama pakavu, mwonyeshe fundi kisha endelea kuchota maji. Kama pana unyevu au unga mweupe, maji yanapita hapo. Panahitaji kuchongwa, kusafishwa na kujazwa upya.

3. Ufa wa kukauka. Unasimama wima, mwembamba kama unywele. Zege hupungua linapokauka, na hupungua zaidi likichanganywa na maji mengi. Wembe wa kawaida una unene wa karibu milimita 0.1. Panga nyembe mbili pamoja. Zisipoingia, ufa ni mdogo, na mara nyingi ufa wa namna hiyo hujiziba wenyewe ukikaa na maji. Zikiingia, au maji yakivuja, mwite fundi.

4. Ufa wa mshazari. Unapanda kwa kuinama, na upande mmoja ni mpana kuliko mwingine. Msingi umezama sehemu moja. Hapo lipu haisaidii kitu, kwa kuwa tatizo liko chini.

5. Ufa wa kulala, ukuta ukiwa umetoa tumbo. Udongo wa nje unausukuma ukuta, hasa ukiwa umelowa mvua. Huu ndio wa kuogopa.

Sasa angalieni: wa pili na wa tano wote wanalala. Utawatofautishaje? Chukua uzi. Mmoja aushike juu ya ukuta, mwingine chini, na uvutwe sana. Ukuta ulionyooka hugusana na uzi kote. Ukuta uliotoa tumbo hugusana nao katikati tu, na juu na chini panabaki nafasi. Mkiona hivyo, waondoeni watoto na watu wote mahali hapo, na mtoe taarifa siku hiyohiyo. Msichimbe karibu na ukuta. Na kama ni tangi, msilimwage maji wenyewe, kwa sababu maji ya ndani yanasaidia kuuzuia udongo wa nje. Mngojeeni mhandisi.

Kwa ufa wowote mwingine, weka alama ya penseli mahali unapoishia, kila upande, na uandike tarehe. Rudi baada ya wiki moja, kisha baada ya mvua kubwa. Ufa uliosimama palepale unaweza kungoja fundi. Ufa uliopita alama unatembea, na haufai kungoja. Ndiyo maana ninawaomba msipake lipu kabla ya ufa kuonekana na fundi: ukiufunika, huwezi tena kujua kama unatembea.

Nanyi mafundi, kinga ni rahisi kuliko tiba. Andaeni saruji, mchanga na kokoto za kutosha kabla ya kuanza, ili kazi isikatizwe. Shindilieni kila tabaka mpaka fimbo iingie katika tabaka la chini yake. Msiongeze maji ili zege liwe laini. Kisha lowesheni ukuta kwa siku 7.

Anayechota maji kila siku huwa wa kwanza kuona kilichobadilika. Akina mama na watoto, mkiona mstari mpya, iambieni kamati ya maji. Hakuna atakayewacheka.