Deni Lisilo Lako: Maneno kwa Vijana wa Olkaria



 Najua wengine mmetoka zamu ya usiku na macho ni mazito, kwa hivyo sitazunguka. Leo nazungumzia ile meseji. Mnaijua. Una deni la hospitali, lipa ndani ya siku saba, la sivyo jina lako linaenda CRB. Inatoka kwa namba usiyoijua, inataja jina lako na kiasi cha pesa, lakini haisemi ulitibiwa siku gani, wapi, wala ugonjwa gani.

Hapa Olkaria meseji hiyo inauma kuliko kwingine. Kazi zetu nyingi ni za mkandarasi. Leo uko kwenye kisima cha mvuke, mwezi ujao mkataba umeisha, unatafuta pengine, na huko wanakuuliza cheti cha CRB kabla hawajakuandika. Au unataka mkopo wa pikipiki. Basi kijana anaona afadhali alipe, yaishe. Analipa bili ambayo bima ilishalipa, au bili ya mtu mwingine kabisa.

Na sisi Waislamu tuna sababu nyingine ya kulipa haraka. Tangu madrasa tumefundishwa uzito wa deni. Tumesikia jinsi Mtume (S.A.W.) alivyokuwa akiletewa jeneza anauliza kwanza kama marehemu ana deni. Nani anataka kufa na deni? Hofu hiyo ni ya imani na sitaki iwatoke. Lakini ni hofu ya deni, si hofu ya meseji. Deni la kweli lipa, hata kwa kuuza simu yako. Mtu akija hapa kutafuta mbinu ya kumkimbia daktari aliyemtibu, huyo hakuelewa nilichokuja kusema.

Sasa tazameni. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ile ya 282 ya Suratul Baqara, ni aya ya deni. Inaagiza deni liandikwe, mwandishi awe muadilifu, na mashahidi wawepo. Na kuna jambo ndani yake tunalipita haraka: anayetamka maneno ya kuandikwa ni yule anayedaiwa. Fikiria hilo kidogo. Sauti ya mdaiwa imo ndani ya hati. Deni lililoandikwa na upande mmoja tu, ukalisikia kwa mara ya kwanza kwenye simu, bado halijathibiti. Makadhi wetu wanalijua, kwamba mwenye kudai ndiye aletaye ushahidi. Na Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 107, inasema jambo lilo hilo: anayedai mahakamani ndiye wa kuthibitisha.

Makosa haya yanatokeaje? La kwanza ni majina, na hili ni letu hasa. Kutoka Karagita hadi Kamere kuna akina Mohamed Hassan Ali wangapi? Karani anaandika majina mawili tu, haandiki namba ya kitambulisho, na bili ya Mohamed mmoja inamfuata mwingine. La pili ni bima. Hospitali inaomba idhini, inapewa, mgonjwa anaruhusiwa, halafu bima inachelewa kulipa au inakata kiasi fulani. Hesabu inabaki wazi kwenye kompyuta, na baada ya miezi anakabidhiwa wakala wa kukusanya madeni ambaye hajui lolote zaidi ya jina, namba na kiasi. Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, hospitali nyingi zilibaki zikiidai NHIF pesa nyingi. Mgonjwa hafai kugeuzwa mdhamini wa deni hilo kimyakimya. Ila nawaambia kweli: fomu nyingi za kulazwa zina mstari unaosema bima isipolipa, wewe utalipa. Isome kabla ya kutia saini, au mwambie aliyekusindikiza aisome.

La tatu ni ajali kazini. Chukulia kijana ameungua kwa mvuke, mwenzake wa zamu anamkimbiza hospitali Naivasha, na kwenye sehemu ya mlipaji linaandikwa jina lake mwenyewe kwa kuwa msimamizi hakuwepo. Sheria ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka 2007, ile tunayoiita WIBA, inamtwika mwajiri gharama za matibabu ya mfanyakazi aliyeumia kazini, na inamlazimu awe na bima ya jambo hilo. Kibarua wa mkandarasi naye ni mfanyakazi. Kwa hivyo hakikisha ajali imeripotiwa kwa maandishi, ubaki na nakala. Ajali isiyoripotiwa baadaye inaitwa ugonjwa wako binafsi.

Haya, meseji imekuja. Ufanye nini? Usibishane kwenye simu. Yule aliyepiga analipwa kukutia presha, na mazungumzo hayaachi alama. Na usikubali lile ombi la kwamba tuma hata mia tano uonyeshe nia njema. Jamani, hiyo mia tano si nia njema. Kisheria, dai la mkataba lina muda wa miaka 6, na ukilipa sehemu, unaweza kuufanya muda huo uanze kuhesabiwa upya. Tena umeshakiri deni.

Andika. Iandikie hospitali yenyewe, nakala kwa wakala. Sema: silitambui deni hili, nipeni bili yenye kila kitu kimoja kimoja, tarehe ya matibabu, namba ya kitambulisho iliyotumika, kile bima ililipa na kile ilikataa, na barua ya hospitali inayompa wakala huyu idhini ya kunidai. Peleka barua kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri, au tuma kwa barua pepe. Bima nayo iombe taarifa ya malipo. Mara nyingi, nikiwa mkweli, mambo huishia hapo, kwa sababu karani akifungua faili kwa mara ya kwanza analiona kosa mwenyewe.

Wakikataa kurekebisha, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kutaka taarifa za uongo juu yako zisahihishwe. Habari za afya yako zina ulinzi mkubwa zaidi, kwa hivyo wakala hana ruhusa ya kumtumia bosi wako au shemeji yako habari za matibabu yako. Malalamiko kwa Kamishna wa Data hayalipiwi, na yanatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 90. Si maneno matupu. Mwaka 2023 kampuni moja ya mikopo ya simu, Whitepath, ilipigwa faini ya shilingi milioni 5 baada ya watu kulalamikia jinsi taarifa zao zilivyotumika.

CRB nayo, usiiogope kama zimwi. Una haki ya kupata ripoti yako moja bure kila mwaka. Iombe leo, usingoje siku ya kazi. Ukikuta umelistiwa kwa uongo, wapelekee pingamizi kwa maandishi pamoja na zile nakala zenye muhuri.

Na hospitali ikiamini kweli inakudai, mlango upo: iende mahakamani, na huko ithibitishe. Mahakama ya madai madogo inasikiliza kesi zisizozidi shilingi milioni 1. Kujichukulia hatua si njia. Mwaka 2015, katika kesi ya akina mama wawili waliozuiliwa hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa sababu ya bili, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kuwazuia kulivunja haki zao za kikatiba, na akaagiza walipwe fidia. Walikuwa maskini, na bili zenyewe zilikuwa za kweli. Wewe unayedaiwa bili isiyo yako unaogopa nini kuandika barua ya ukurasa mmoja?

Jirani zetu wa RAPland, waliohamishwa kupisha mradi wa mvuke, walipeleka malalamiko yao kwa maandishi hadi Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya mwaka 2014, na wakaitwa mezani kwa mazungumzo. Barua zilitoka hapa hapa kwenye vumbi letu.

Tukishaswali, wenye meseji kama hizo wabaki. Njooni na simu, kitambulisho na karatasi yoyote ya hospitali mliyo nayo, hata ile iliyokunjwa chini ya godoro. Mwenye mwandiko mzuri abaki pia, tutamhitaji.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.