Mnunuzi wa Matangani

Msikilizaji, kuna mgeni ambaye siku hizi hakosi matangani. Hakumjua marehemu, wala hakuja kumzika. Anavuta kiti cha plastiki karibu na lango, kisha anamnong'oneza kijana mkubwa wa boma: "Mkiamua kuuza, msitafute mbali." Arbuni iko mfukoni, na habari za bili ya mochari keshazipata.

Huyo ni dalali tu. Mimi leo nasema na aliyemtuma.

Ndugu mnunuzi, kununua mali ya urithi si dhambi. Wapo warithi wanaotaka kuuza, na bei ya haki huwafaa. Lakini Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, hairuhusu ardhi ya marehemu kuuzwa kabla mahakama haijathibitisha hati ya usimamizi wa mirathi, na kwa kawaida uthibitisho huo husubiri miezi 6. Anayeingilia mali hiyo bila idhini, kifungu cha 45 kinamhesabu mkosaji. Anaweza kufungwa hadi mwaka mmoja. Basi ile karatasi ya daftari mliyoitia sahihi chini ya mwembe, mzee wa mtaa akiwa shahidi, haikupi shamba. Inakupa kesi.

Wengi huiona miezi hiyo kuwa usumbufu. Kwangu ni muda wa mjane kulala, kuamka na kujiuliza ataishi wapi. Nawe utumie kuuliza. Mabinti walioolewa wako wapi? Nao ni warithi, na kwa familia ya Kiislamu fungu la kila mmoja lipo kwa Kadhi. Ukiambiwa "wamekubali kwa simu", ngoja uwaone. Makaburi yako upande gani wa shamba, na wenyewe watapitia wapi kuyazuru? Hilo la makaburi watu hulipuuza, halafu linazaa uhasama kuliko hata mpaka. Bei nayo muulize mthamini wa ardhi, usiipime kwa shida za wafiwa.

Na kama bili ya mochari ndiyo inayowabana, changia harambee kama jirani, au wakopeshe kwa maandishi, deni lisimame peke yake. Usiliite arbuni.

Familia ikisita, waage kwa heshima uende zako. Mashamba ya kuuzwa hayajaisha Kenya.