Msufi na Mkulima wa Ufipa



Katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, twapenda kulijibu swali ambalo wanachama wengi wametuuliza: je, tupande misufi hapa Mpui?

Msufi una faida. Maganda yake yakipasuka hutoa sufi ya kujazia mito na magodoro. Nyuzi zake ni fupi na telezi, hazisokotwi vyema kama pamba; lakini zina uwazi ndani na nta juu, wala hazilowi upesi. Ndiyo maana mabaharia walivaa makoti ya kuokolea yaliyojazwa sufi. Nyingi ilitoka Java. Japani ilipoiteka nchi hiyo mwaka 1942, Marekani ilikosa sufi, hata watoto wa shule wakatumwa kuokota nyuzi za magugu. Baada ya vita zikaja sponji za viwandani, na soko la sufi likafifia.

Basi tufikiri. Msufi hupenda nchi ya joto; uwanda wetu, ulio juu ya mita 1,500, una baridi. Wenzetu wa Bonde la Rukwa waweza kupanda michache mipakani mwa mashamba. Lakini mtu asipunguze mahindi, maharage wala ulezi kwa ajili ya mti unaongojewa miaka. Na atakayevuna alete sufi safi, isiyo na mbegu wala takataka, tuiuze pamoja. Tena aiweke mbali na moto.

Tushibe kwanza, ndipo tutafute mto wa kulalia.