"Nilikuwa Natania Tu"



Wahitimu, najua kuna ndoo za maji zinazowasubiri nyuma ya madarasa, kwa hiyo nitasema machache kuhusu mizaha.

Marabi wa Kiyahudi waliokusanya Mishna, kitabu cha sheria zao, yapata mwaka 200, walipanga malipo ya aliyemjeruhi mwenzake kwa mafungu matano: hasara ya mwili, maumivu, matibabu, siku za kazi zilizopotea, na aibu. Ndiyo, hata aibu, mradi iwe imekusudiwa. Hasara ya mwili haina kisingizio cha kutokusudia. Kwao binadamu huhesabiwa ameshaonywa, hata akiwa usingizini.

Talmudi, ufafanuzi wa Mishna, ina kesi ya mtu aliyempigia mwenzake kelele sikioni akamtia uziwi. Kama alimshika kwanza, atalipa. Kama hakumgusa, mahakama inamwachia. Lakini hajapona huyo: marabi wanasema mbele ya Mungu bado anadaiwa. Mimi naupenda uamuzi huu. Mahakama inakubali kwamba mkono wake ni mfupi, na bado haimsafishi mkosaji.

Wayahudi wana pia sikukuu ya Purim, siku ya vifijo. Rabi Moshe Isserles wa Kraków, katika karne ya 16, aliandika kwamba aliyemharibia mwenzake kitu kwa furaha ya siku hiyo halipi. Waliomfuata wakabana mlango: madhara madogo tu. Shati likilowa, haya; jicho, hapana.

Msidhani haya ni ya mbali. Abayudaya wa Mbale, Uganda, wameishika dini ya Kiyahudi tangu Semei Kakungulu alipowaongoza mwaka 1919. Na si Wayahudi tu: ng'ambo ya mto Rusizi kutoka hapa Giheke, Bukavu, kifungu cha 258 cha sheria ya kiraia ya Kongo, cha mwaka 1888, kinamtaka aliyeleta hasara kwa kosa lake ailipe. Hakiulizi kama alikuwa anacheka.

Siku hizi kuna simu. Kumshtua mwenzako pengine ni utoto. Ukimrekodi akilia, kisha ukaisambaza video WhatsApp, umekusudia. Hilo ni fungu la tano, aibu.

Mishna inaongeza kwamba hata aliyelipa hasamehewi mpaka amwombe radhi aliyemuumiza. Baadhi yenu mna mtu wa namna hiyo kwenye viti hivi. Mfuateni leo, kabla hajapanda gari la kwao. Na anayekataa kumwagiwa maji, mwacheni.